Sufuria Moja ya Jumapili: Kujifunza Mapishi ya Kifaransa Ukiwa Masomoni Ufaransa

Wiki yangu ya kwanza Lyon nilikula wali na maharage ya kopo siku sita mfululizo. Siku ya saba, Jumapili, kuanzia saa nne asubuhi, harufu ya nyama ilianza kupenya chini ya mlango wangu ikitoka kwa bibi aliyepanga mlango wa pili. Ilikuwa harufu ya supu, hilo nililijua, ila haikuwa na tangawizi wala limau, na ndani yake kulikuwa na kitu nilichokizoea tangu utotoni lakini nikashindwa kukitaja jina. Ilipofika saa sita uvumilivu uliniisha, nikabisha hodi. Kitu chenyewe kilikuwa karafuu. Bibi alikuwa amechomeka karafuu tatu kwenye kitunguu kizima na kukitumbukiza sufuriani.

Chakula kile kinaitwa pot-au-feu, yaani chungu motoni, na ndicho ninachomshauri kila mwanafunzi anayefika Ufaransa aanze nacho. Kinatumia nyama ya bei ya chini. Hakihitaji oveni, hakihitaji divai, hakina nguruwe. Na ukikibandika Jumapili, kufikia Jumatano utakuwa umepika vyakula vinne tofauti vya Kifaransa, vyote vimezaliwa na sufuria ileile. Mwongozo huu unaifuata sufuria hiyo.

Wengi huanza na croissant. Usifanye hivyo. Wafaransa wenyewe kwa kawaida hawapiki croissant nyumbani, wanazinunua kwa mwoka mikate asubuhi wakiwa wamevaa ndala. Pia usitishwe na habari kwamba UNESCO iliuingiza mlo wa Kifaransa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2010. Kilichoingizwa ni ile desturi ya kukaa mezani pamoja na kula kwa mpangilio: cha kufungulia, chakula chenyewe, jibini, kisha kitamu. Desturi hiyo inawezekana hata kwenye meza ya kukunja.

Hatua ya 1: Lijue jiko lako kabla hujanunua kitu

Nilitoka nyumbani na sufuria mbili za alumini nimezifunga kwenye khanga katikati ya sanduku. Nikaweka moja juu ya jiko la chumbani, jiko likalia tiii, likazima. Nikawasha tena, likazima tena. Lilikuwa jiko la induksheni, ambalo hupasha moto chombo chenye chuma kinachonasa sumaku tu. Alumini tupu halioni kabisa. Kipimo ni rahisi: chukua sumaku ya mlango wa friji, ibandike kwenye kitako cha sufuria. Ikinasa, sufuria inafaa. Ikidondoka, utapandia maua.

Kama jiko lako ni la zamani, lile la sahani nyeusi za chuma, sufuria yoyote itafanya kazi, lakini joto lake ni zito kama gari la mizigo: huchelewa kupanda, huchelewa kushuka. Ukitaka kupunguza moto, ondoa sufuria kwanza, punguza, subiri dakika mbili, ndipo uirudishe.

Jambo la pili ni king'ora cha moshi. Tangu Machi 2015 sheria inataka kila nyumba Ufaransa iwe nacho. Chumba cha mwanafunzi mara nyingi kina mita za mraba tisa, kwa hiyo kikaango na king'ora vinatazamana uso kwa uso. Chapati zangu za kwanza ziliwatoa watu wa korido nzima nje na nguo za kulalia. Fungua dirisha kabla ya kuwasha jiko, na usithubutu kukifunika king'ora kwa mfuko wa plastiki, hata ukiona jirani anafanya hivyo. Hii ni sababu nyingine ya kupenda pot-au-feu: hakuna kukaanga kwa mafuta, moshi ni mdogo.

Kama mnatumia jiko la pamoja mwisho wa korido, waambie wenzako mapema kwamba Jumapili utahitaji sahani moja ya jiko kwa saa tatu na nusu. Watalalamika. Wakaribishe kula, malalamiko yataisha.

Hatua ya 2: Vyombo

Unahitaji sufuria ya lita sita yenye mfuniko, nyingine ndogo ya viazi, kikaango, kisu kinachokata kweli, upawa wenye matundu, chujio na mwiko, na chombo cha oveni kwa ajili ya Jumatano. Basi. Vitafute kwenye maduka ya mitumba ya Emmaüs, au kwenye vide-grenier, zile siku ambazo mtaa mzima hutoa vitu vya stoo na kuvipanga barabarani. Hapo ndipo utakutana na masufuria mazito ya chuma cha kusubu ambayo dukani bei yake ni karibu na kodi ya mwezi. Beba ile sumaku.

Hatua ya 3: Sokoni na buchani

Kabla ya neno lolote, sema bonjour. Silitaji kwa ajili ya adabu tu. Ukifika mbele ya muuzaji ukaanza moja kwa moja na "nataka nyama", umefanya kama mtoto anayempita mzee bila shikamoo, na utahudumiwa kwa kiwango hicho. Bonjour kwanza, halafu vous (ile "wewe" ya heshima), halafu nyama.

Katika bucha omba aina tatu, kwa sababu kila moja ina kazi yake. Paleron ni nyama ya bega yenye mshipa wa katikati ambao ukiiva unageuka laini kama jeli. Jarret, au gîte, ni nyama ya muundi, yenye nyuzi, ndiyo inayoipa supu nguvu. Plat de côtes ni mbavu zenye mafuta, ndizo zinazoleta ladha. Jumla kilo moja na nusu, inatosha watu watano, au wewe peke yako na kiporo cha maana. Ongeza mfupa wa uboho, os à moelle. Muuzaji akikuonyesha nyama nyekundu nzuri isiyo na mafuta hata chembe, mshukuru na umwambie hapana: nyama ya namna hiyo ikichemka saa tatu inakuwa kamba.

Majina haya ni yaleyale kwenye bucha za halali. Kwa Lyon, mtaa wa La Guillotière unazo, pamoja na maduka ya bamia, unga wa muhogo na ndizi mbichi kwa siku ambazo moyo umekataa kabisa Kifaransa.

Mboga zinunue kwenye soko la wazi, si supamaketi. Nenda saa sita na nusu mchana, wauzaji wanapoanza kufunga, wanapendelea kukupa kapu zima kwa bei ya nusu kuliko kulirudisha kwenye gari. Orodha: karoti sita, liki nne, navet nne, tawi la seleri, viazi kilo moja vya kuchemsha na kilo moja vya kuponda, vitunguu maji viwili kwa ajili ya supu na vingine karibu kilo moja vya kuweka. Navet ni mzizi mweupe wenye kola ya zambarau, ladha yake iko kati ya figili na kabichi. Kwenye viazi soma kibao: chair ferme ni vile visivyovunjika vikichemshwa, kama Charlotte, vya kuponda ni vya unga, kama Bintje. Ukivichanganya utalia.

Neno kuhusu divai na nguruwe, kwa sababu kila Mswahili Mwislamu huniuliza. Usiamini maneno kwamba pombe yote huruka ikichemka, sehemu hubaki. Nami sioni maana ya kupika boeuf bourguignon, yaani nyama ya ng'ombe iliyopikwa ndani ya divai, kwa maji ya zabibu, chakula ambacho jina lake lenyewe linatokana na Bourgogne, nchi ya divai. Kinatoka kitu kitamu cha sukari kisicho huku wala kule. Ufaransa ina vyakula tele ambavyo havikuwahi kuhitaji divai: pot-au-feu, poule au pot ya kuku, hachis parmentier (nyama chini, viazi vya kuponda juu), gratin dauphinois ya viazi, ratatouille ya mboga, adesi za kijani za Le Puy. Pika hivyo. Ukikuta mapishi yanataka lardons, hizo ni vipande vya nguruwe. Bucha za halali huuza za bata mzinga.

Hatua ya 4: Sosi ya saladi, jioni ya kwanza

Hii ni ya dakika mbili na utaitumia Jumatatu. Weka chumvi na kijiko cha mezani kimoja cha siki kwenye bakuli, koroga mpaka chumvi iyeyuke. Ongeza kijiko cha chai cha haradali ya Dijon. Halafu mafuta vijiko vitatu, taratibu, huku unakoroga. Chumvi lazima itangulie, kwa kuwa inayeyuka kwenye siki lakini kwenye mafuta haiyeyuki. Wanaoanza na mafuta hutafuna mchanga.

Hatua ya 5: Jumapili, pot-au-feu

Funga nyama ya bega na ya muundi kwa uzi ili isisambaratike. Iweke sufuriani, mimina maji baridi lita mbili na nusu hadi tatu. Baridi, narudia: nyama ikipanda joto pamoja na maji, hutoa ladha yake taratibu na povu lote huja juu. Mfupa wa uboho usiuweke bado.

Bandika, moto wa kati. Baada ya kama robo saa povu la kijivu litaanza kukusanyika. Lienguwe kwa upawa wa matundu, tena na tena, mpaka linalokuja liwe jeupe na kidogo. Hapo ndipo unapotia kijiko cha chumvi ya mawe, pilipili manga nzima kumi, kitunguu kimoja kilichochomekwa karafuu tatu, kingine ulichokikata katikati na kukiunguza upande mmoja kwenye kikaango kikavu (ndicho kinachoipa supu rangi ya dhahabu), na fungu la majani: thaimu, majani mawili ya laurier (bay leaf), vikonyo vya pasli, vyote vimefungwa ndani ya jani la kijani la liki. Fungu hilo wanaliita bouquet garni.

Sasa punguza moto. Hapa ndipo niliposhindwa mara ya kwanza, na utashindwa hapo hapo kama umelelewa na nyama ya kuchemsha inayotokota kwa fujo mpaka mfuniko unacheza. Mimi niliacha ichemke hivyo saa mbili. Ilitoka nyama ngumu na supu yenye rangi ya maji ya kuoshea mchele. Bibi aliionja, akaweka kijiko chini, akaniambia neno moja: frémir. Maana yake kutetemeka. Maji yasichemke, yatetemeke. Simama juu ya sufuria utazame: kiputo kimoja kipande pembeni, kipasuke, upite muda kama wa kusema bismillahi, kipande kingine. Ukiona vitatu pamoja, moto umezidi. Kwenye jiko lenye namba moja hadi tisa, kwangu ilikuwa mbili na nusu. Mfuniko uwe nusu wazi.

Saa mbili zipite hivyo. Soma, fua, ila usitoke kwenda dukani.

Kisha tia karoti na navet nzima zilizomenywa, seleri, na liki zilizofungwa kama kuni. Liki zioshe vizuri kwa kuzipasua nusu kuanzia juu, maana hubeba mchanga wa shamba zima. Saa moja tena kwenye moto uleule. Dakika ishirini za mwisho paka chumvi ncha za mfupa wa uboho, uuweke. Viazi vichemshe kwenye sufuria nyingine. Ukivitia humu, wanga wake utachafua supu uliyoilinda kwa saa tatu.

Nyama imeiva kisu kikiingia na kutoka bila kuvutwa. Pakua kwa awamu mbili. Kwanza supu peke yake, iliyochujwa, moto, na kipande cha mkate kilichopakwa uboho na punje za chumvi ya mawe. Halafu sahani kubwa ya nyama na mboga, na pembeni haradali, chumvi, na matango madogo ya siki yanayoitwa cornichons. Nilijaribu kuweka na pilipili mbuzi. Bibi aliitazama, hakuigusa. Mjukuu wake alimaliza mbili.

Wewe ukishakula, chuja supu iliyobaki, ipoze haraka kwa kuzamisha sufuria kwenye sinki la maji baridi, uiweke kwenye friji. Nyama na mboga weka kwenye vyombo tofauti. Vitakaa siku tatu bila wasiwasi, nawe una kazi navyo.

Kuhusu mwalimu

Nilibahatika jirani. Usipopata jirani, kuna nyumba za vijana na utamaduni, MJC, zilizo katika miji mingi, nyingi zina madarasa ya jioni ya kupika kwa ada nafuu, na maktaba za manispaa zina rafu nzima za vitabu vya mapishi. Lakini jaribu jirani kwanza. Gonga mlango na kitu mkononi, kaimati sita zinatosha, halafu uliza swali moja dogo: "Samahani, supu yako inakaa motoni saa ngapi?" Mfaransa mzee akiulizwa kuhusu supu yake hajui kujibu kwa ufupi. Andika unachosikia, hata kama hukielewi, utakitafsiri usiku.

Lyon yenyewe ilijengewa jina na wapishi wa namna hii. Watu waliwaita Mère, yaani Mama, kama sisi tunavyosema mama lishe. Eugénie Brazier alizaliwa mwaka 1895, akakulia kazini mashambani, akawa mtumishi wa nyumbani, akafungua mgahawa wake Lyon mwaka 1921. Mwaka 1933 mwongozo wa migahawa wa Michelin ulimpa nyota sita, tatu kwa kila mmoja wa migahawa yake miwili. Paul Bocuse, ambaye soko kubwa la ndani la Lyon leo lina jina lake, alifanya kazi jikoni kwake akiwa kijana. 

Hatua ya 6: Jumatatu na Jumanne

Jumatatu huna muda, una vipindi. Toa liki zilizobaki, zikamue maji kidogo kwa mkono, zipange kwenye sahani, mwagia ile sosi ya haradali. Hii ni poireaux vinaigrette, iko kwenye menyu za migahawa mingi, nawe umeipata bila kuwasha jiko. Mkate pembeni.

Jumanne jioni ni supu ya vitunguu, na hapa usiwe na haraka. Toa supu kwenye friji: juu yake mafuta yameganda kama sahani nyeupe. Yaengue, weka vijiko viwili kwenye sufuria pamoja na kipande cha siagi. Kata vitunguu gramu mia nane vyembamba, vitie, nyunyiza chumvi, funika, moto mdogo. Nyumbani kitunguu cha pilau kinakuwa kahawia kwa dakika kumi ndani ya mafuta mengi yaliyochemka. Hiki kinataka dakika arobaini na tano. Kwanza kitatoa maji na kulegea. Ukifunua, maji yatakauka na kitapata rangi ya majani makavu, baadaye asali, mwisho sukari guru. Kila kikishika chini, tia kijiko cha supu, kwangua kwa mwiko. Ule uweusi wa chini ndio utamu wenyewe. Kuna wanaotia sukari ili kufupisha safari. Inapatikana rangi, ladha haipatikani.

Kikishafika rangi ya sukari guru, nyunyiza kijiko cha mezani kimoja cha unga wa ngano, koroga dakika mbili, mimina supu lita moja na robo, acha itetemeke dakika ishirini. Mkate wa juzi ukaushe, uweke juu ya bakuli na jibini ya Comté au Gruyère iliyokunwa, ingiza chini ya moto wa juu wa oveni mpaka jibini ivimbe na kuungua ungua. Huna oveni? Weka mkate na jibini kwenye kikaango kilichofunikwa, jibini iyeyuke, kisha uuweke uelee juu ya supu.

Hatua ya 7: Jumatano, kiporo chenye jina

Nyama iliyobaki, kama nusu kilo, ichambue kwa vidole, toa mifupa, uikate vidogo. Kaanga vitunguu viwili kwenye siagi bila kuviacha vigeuke rangi, tia nyama, pawa moja ya supu, pasli, pilipili manga. Iache mpaka iwe na unyevu tu, isiogelee. Zile karoti za Jumapili ziponde humo humo.

Chemsha kilo moja ya viazi vya unga, viponde vikiwa moto na siagi gramu hamsini na glasi ndogo ya maziwa ya moto. Na hapa kuna kungumanga. Mama alinitumia tano kutoka Unguja, na nilipoikwangua ya kwanza jirani alikuja kunusa. Ikwangue kidogo tu, mara tano sita.

Chakula hiki ni hachis parmentier, kwa jina la Antoine-Augustin Parmentier, mfamasia aliyekula viazi alipokuwa mfungwa huko Prussia, akarudi karne ile ya 18 kuwashawishi Wafaransa kwamba si chakula cha nguruwe. Nyama chini, viazi juu, kwenye chombo cha oveni. Pitisha uma juu ya viazi kutoka pembe hadi pembe ili ubaki na mifereji, kwa sababu matuta ya mifereji ndiyo yanayokauka na kuwa ganda. Vipande vichache vya siagi, nyuzi 200, dakika ishirini na tano. Subiri kumi kabla ya kukata, la sivyo kitamwagika sahanini kama uji.